Chai, Tonge na Udhu: Niliyojifunza Baada ya Ubongo Kujeruhiwa

Siku niliyoruhusiwa kutoka hospitalini, karatasi yangu iliandikwa kwamba nina alama 15 kati ya 15. Alama hizo ni za kipimo cha Glasgow, ambacho Graham Teasdale na Bryan Jennett walikitunga katika mji huo wa Uskochi mwaka 1974, na ambacho leo hutumika duniani kote kwa majeruhi wa kichwa. Kipimo hicho huangalia mambo matatu: kama mgonjwa anafumbua macho, kama anajibu kwa maneno yanayoeleweka, na kama anatimiza kwa viungo vyake anachoagizwa. Asiyeonyesha dalili yoyote hupewa 3, na mwenye fahamu kamili hupewa 15. Mimi nilifikishwa pale nikiwa na alama chache sana, baada ya bodaboda niliyopanda kugongwa na gari. Kofia ngumu ilikuwapo moja tu, nayo ilikuwa kichwani mwa dereva. Nilifanyiwa upasuaji wa kuondoa damu iliyovilia chini ya fuvu upande wa kushoto, na nikaondoka na alama zote. Ndugu waliokuja kunichukua waliisoma karatasi ile kama wazazi wanavyosoma ripoti ya mtoto aliyeongoza darasa, na mimi mwenyewe, mwalimu wa sekondari, niliisoma hivyohivyo.

Kesho yake asubuhi, nikiwa nyumbani kwangu Tanga, nilishindwa kupika chai.

Ni vigumu kumweleza mtu ambaye hayajamfika nini hasa kilishindikana, kwa sababu nilijua sufuria ilipo, nilijua majani yalipo, na kama ungeniuliza chai hupikwaje ningekujibu bila kusita kwamba unachemsha maji, unatia majani na tangawizi, unaacha ichemke, unachuja. Kilichopotea ni mfuatano. Tendo moja likiisha, la pili halikujitokeza lenyewe kama lilivyokuwa likijitokeza maisha yangu yote. Niliteleka sufuria tupu. Nilishika kiberiti nikasimama nacho, nikijua kwamba nimekishika kwa kazi fulani, na kazi yenyewe isinijie. Nilipokumbushwa kuwasha jiko niliwasha, kisha nikatia majani ya chai moja kwa moja katika kikombe kikavu, nikavuta kigoda, nikakaa kwa utulivu wa mtu aliyemaliza shughuli yake. Wifi yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka akidhani ninafanya mzaha, halafu akanitazama usoni na kicheko kikamkauka.

Baadaye nilielezwa kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopanga matendo, inayoyaanzisha na kuyakagua wakati yanapoendelea, na kwamba ikiumia mtu anaweza kubaki na maarifa yake yote bila uwezo wa kuyatumia kwa utaratibu. Alexander Luria, daktari na mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyewahudumia askari waliojeruhiwa vichwani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, aliwaeleza wagonjwa wa namna hii kwa kirefu: wanaweza kukukariria agizo ulilowapa neno kwa neno, na bado wasilitekeleze. Kipimo cha Glasgow hakiulizi habari za chai, nami sikilaumu, kwa kuwa kilitungwa kujua kama fahamu zinampotea mtu au zinamrudia, wala si kujua kama ataweza kuendesha nyumba. Lawama yangu, kama ipo, ni kwa desturi ya kumruhusu mgonjwa akiwa na tarehe ya kuja kuangaliwa kidonda tu, bila neno lolote kuhusu utengamao, yaani ile kazi ndefu ya kumrudisha mtu katika shughuli zake za kila siku.

Nyumba yetu ina watu wengi, na wote walinipenda kwa bidii. Mama alihamia kwangu kutoka Pangani na kunivalisha, wifi alinilisha kwa kijiko, binti yangu mkubwa alinifunga vifungo na kunichana nywele, na mume wangu alipokea simu zangu na kujibu kwa niaba yangu hata nikiwa nimekaa pembeni yake. Kwetu pwani mgonjwa huhudumiwa, na anayemwacha mgonjwa ahangaike na kikombe mbele ya wageni huonekana hana imani. Bibi yangu aliniandalia kombe: aya ziliandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi ya mawaridi, nikanyweshwa. Nilikunywa kwa moyo safi na ningekunywa tena. Lakini sahani ilishikwa na mtu mwingine mpaka midomoni mwangu, na huko kushikiwa ndiko kulikokuwa kukinidhuru bila yeyote kati yetu kujua.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa dhaifu, kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo ndio unaotawala upande wa kulia wa mwili. Haukupooza kabisa, vidole vilijikunja na kujikunjua, ila taratibu na kwa uzito. Katika wiki zile za kulishwa na kuvalishwa uliendelea kulala mapajani, na kila siku uliyolala ulizidi kusahau kazi. Edward Taub, mwanasayansi wa Marekani, aliwachunguza kima ambao mishipa ya hisia ya mkono mmoja ilikatwa, na akaona kwamba waliacha kuutumia mkono huo ingawa misuli yake ilikuwa na uwezo. Walijaribu, ukawaangusha, wakajizoeza kuishi bila huo. Mkono mzima ulipofungwa, walianza tena kuutumia ule waliouacha. Kutokana na hayo alibuni tiba inayofunga mkono mzima wa mgonjwa kwa saa nyingi za siku ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Mimi sikuwa na haja ya kujaribu na kushindwa ndipo niuache mkono wangu, maana nyumba nzima ilinisaidia kuuacha.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyetuelekeza kwa kijana mmoja mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Wataalamu hawa ni wachache nchini, na watu wengi, mimi nikiwamo wakati huo, huwachanganya na wale wa mazoezi ya viungo. Mtaalamu wa viungo huangalia kama goti linakunjika na bega linanyanyuka. Huyu wa vitendo huuliza goti hilo unataka ulitumie kwa shughuli gani. Alipokuja nyumbani mara ya kwanza hakunipima nguvu wala kunigonga magoti kwa nyundo. Aliuliza, “Mwalimu, ukiamka alfajiri unafanya nini mpaka unapokunywa chai?” Nikamjibu kwamba natia udhu, naswali, kisha napika chai. Akasema angependa kuyaona yote matatu, kwa utaratibu huohuo, na kama familia haitaona vibaya angefika kabla ya jua kuchomoza.

Alichokiona alfajiri hiyo kilimfanya aache kuandika. Mtu aliyeshindwa kupika chai alitia udhu mwanzo hadi mwisho bila kukumbushwa: viganja, kusukutua, puani, uso, mikono mpaka viwikoni, kupaka kichwa, masikio, kisha miguu, wa kulia kabla ya wa kushoto. Mkono dhaifu ulichota maji kidogo na kumwaga mengi, lakini hakuna kiungo kilichorukwa wala kilichotangulia zamu yake. Mimi mwenyewe sikuwa nimeliona hilo kuwa ajabu, na mama alilieleza kwa njia yake, kwamba Mwenyezi Mungu hamwachi mja wake. Kijana alikubali, kisha akaongeza maelezo ya fani yake: matendo yaliyozoeleka tangu utotoni hutunzwa zaidi katika sehemu za ndani ya ubongo na katika ubongo mdogo ulioko kisogoni, nazo hazikuguswa na ajali. Alinisimulia habari za Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 na tangu hapo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kupitia kioo, kazi inayomtatiza kila anayeijaribu kwa mara ya kwanza. Siku baada ya siku mkono wake ulizidi kuwa hodari, na kila siku yeye mwenyewe aliona kwamba hajawahi kuifanya kazi hiyo maishani. Mkono unaweza kujifunza hata mwenyewe asipokumbuka kwamba amefundishwa.

Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, tartibu ni nguzo mojawapo ya udhu. Ukitanguliza kiungo kabla ya zamu yake, udhu wako haukutimia. Nililijua hilo kama sharti la dini tangu chuoni. Sasa nililiona pia kuwa ni hifadhi, kwa sababu jambo ambalo halikuwahi kufanywa kwa mpangilio tofauti halikuwa na mahali pa kupotelea. Swala yenyewe ilinitatiza kidogo zaidi, maana idadi ya rakaa ilinipotea, lakini hata hapo sheria ilikwisha kumfikiria mtu anayesahau: anashika idadi ndogo aliyo na yakini nayo, anakamilisha, kisha analeta sijda ya kusahau. Sijawahi kuleta sijda hizo kwa wingi kama mwaka ule.

“Basi, mwalimu,” akasema yule kijana, “na chai tutaitia tartibu.”

Alianza kwa kunitaka niandike hatua za kupika chai. Niliandika tano. Akaketi jikoni, akamwomba wifi apike, akaandika kila alichokiona, na orodha yake ilizidi ishirini, kwa sababu kufungua kopo ni hatua, kurudisha kifuniko ni hatua, na kugeuza mshikio wa sufuria usielekee nje ni hatua. Mtu mzima huzifanya zote bila kuzihesabu na ndiyo maana huziita kazi moja. Kisha alipanga vitu vyote juu ya sinia kutoka kushoto kwenda kulia kwa mfuatano wa kutumika: jagi la maji, sufuria, kiberiti, kopo la majani, tangawizi iliyokwisha kupondwa, sukari, kichujio, kikombe. Kitu kilichokwisha kutumika kiliondolewa sinia, kwa hiyo kilichobaki mwanzo wa mstari ndicho kilichofuata. Sinia lilikaa mahali palepale, na kazi ilifanywa wakati uleule, mara baada ya swala, ili alfajiri iliyokuwa bado nzima iibebe asubuhi iliyovunjika.

Alinitaka pia niseme kwa sauti kila ninachokifanya. “Natia maji. Nimetia maji. Naweka jikoni.” Luria aliona kwamba maneno anayoyasema mtu yanaweza kuushika usukani wa matendo pale mpango wa ndani unapolegea, na kwangu hilo lilifanya kazi kuliko nilivyotarajia, ijapokuwa lilikuwa na gharama yake. Nyumba za mtaa wetu zinapakana ukuta kwa ukuta. Haikupita muda habari zilienea kwamba mwalimu amerukwa na akili, anazungumza na masufuria. Jirani mmoja alimshauri mume wangu, kwa nia njema kabisa, anitafutie mganga wa majini. Mume wangu si mtu wa maneno mengi; alimkaribisha ndani anywe chai niliyoipika.

Jambo lililonishangaza kama mwalimu ni namna yule kijana alivyoyachukulia makosa. Maisha yangu yote nimewaambia wanafunzi wajaribu kwanza, wakosee, kisha wasahihishe, kwa imani kwamba kosa humfundisha mtu. Yeye hakuniacha nikosee. Mkono wangu ulipoelekea kwenye kopo la majani kabla ya zamu yake, aliweka kiganja chake mezani kati ya mkono na kopo, bila kusema neno, akangoja mpaka nikaliangalia sinia upya. Alieleza kwamba mtu mwenye kumbukumbu nzima hukumbuka kosa lake ndipo akaliepuka. Aliyeumia kumbukumbu husahau kwamba lilikuwa kosa, lakini mkono haulisahau, na kesho huenda ukalirudia kama ndilo somo lenyewe. Watafiti wa Uingereza Alan Baddeley na Barbara Wilson walilionyesha jambo hilo mwaka 1994 kwa kuwafundisha wagonjwa wa kumbukumbu maneno kwa njia mbili, moja ikiruhusu kubahatisha na nyingine ikizuia, na wale waliozuiwa kubahatisha wakashika zaidi.

Hapo ndipo ilipotokea ugumu mkubwa na familia, na naueleza kwa urefu kwa sababu naamini ndipo wagonjwa wengi wanapokwama. Wifi aliposikia kwamba nisiachwe nikakosea, alifurahi, akadhani sasa ana ruhusa ya kunifanyia. Kila nilipositasita alinyosha mkono akanipa kijiko, akakaza kifuniko, akapunguza moto. Kijana alimwambia kwa adabu, “Dada yangu, kalia mikono yako.” Hakuwa anatania. Alimtaka aketi kigodani na viganja chini ya mapaja, atazame, asitende. Kumzuia mtu asipotee na kumfanyia kazi yake ni mambo mawili yasiyofanana hata kidogo, ingawa kwa mtu anayetazama kutoka mlangoni yanaonekana kuwa huruma ileile. Anayekuzuia anakuacha wewe uwe mtendaji. Anayekufanyia anakuondolea zamu ya kujifunza, na ubongo uliojeruhiwa unahitaji zamu hizo kwa wingi usioelezeka.

Mama hakulikubali hilo kwa urahisi. Alimwuliza yule kijana mbele yangu, “Mwanangu, huyu ungekuwa umemzaa wewe, ungemwangalia tu anavyohangaika na kifungo?” Akajibu, “Mama, mimi nakuomba uhesabu taratibu mpaka kumi kabla ya kunyosha mkono. Ukifika kumi na bado hajaweza, msaidie.” Mama alihesabu kwa tasbihi. Mara nyingi alifika kumi na kunisaidia, na mara chache, ambazo ziliongezeka, kifungo kilipita tunduni akiwa katika sita au saba, naye akaendelea kuzivuta shanga kana kwamba hakuona kitu.

Kwa mavazi kulikuwa na mbinu nyingine, ya kuanzia mwisho. Kufunga kanga kifuani kunahitaji mikono miwili: unaizungusha mgongoni, unashika pindo mbili mbele, unazivuta ili zibane, unapitisha moja juu ya nyingine, unakunja ukingo wa juu kuelekea ndani, kisha unachomeka. Mtu akianzia mwanzo na kuchoka katikati, kila jaribio linaishia katika kushindwa, na kanga inaanguka. Basi binti yangu alinifanyia zote akaniachia ile ya mwisho, nichomeke tu. Nilipoizoea akaniachia mbili za mwisho, kisha tatu, na hivyo tukarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka siku aliyonikabidhi kanga yenyewe ikiwa bado imekunjwa. Faida yake ni kwamba kila zoezi, hata lile la mwanzo kabisa, liliishia na mimi nikiwa nimevaa. Kwa gauni na baibui kanuni ni fupi: mkono mgonjwa hutangulia kuingia na hubaki wa mwisho kutoka.

Kula kulikuwa na uzito wa namna yake. Kwetu mkono wa kushoto hauingii sahanini, na ingawa bibi alinihakikishia kwamba dharura ina hukumu yake, nilikuwa nikila nikiwa nimegeukia ukuta. Tuliutafutia mkono wa kulia ngazi za kupanda. Ugali ndio ulioanza, kwa sababu hushikamana wenyewe: unamega, unafinyanga, unabonyeza kwa dole gumba pachimbike kidogo, unachovya mchuzi. Vidole vyangu viliweza kumega kabla ya kuweza kufinyanga, na kwa muda mrefu matonge yangu yalikuwa na kona. Mkono wa kushoto ulifungwa kwa mtandio mapajani ili usije ukaingilia. Wali ulifuata baada ya miezi, kwanza ule wa nazi unaoshikana, kisha wa kawaida, ambao punje zake hupita kati ya vidole visivyojua kujibana. Samaki alikuwa wa mwisho, kwa kuwa kutenganisha mwiba na mnofu kwa ncha za vidole kunataka hisia, na hisia hurejea kwa kuchelewa kuliko nguvu. Changu bado ananishinda. Nguru, mwenye miiba michache na mikubwa, namla bila msaada.

Sokoni nilikwenda mapema kuliko wote walivyotaka, na sikupashinda. Nilijitayarisha kwa fedha: noti za shilingi 1,000 na 2,000 mfuko mmoja, zile nyekundu za 10,000 mfuko mwingine, na bei nilizoulizia zikiwa zimeandikwa daftarini. Fedha haikunisumbua sana. Kilichonilemea ni kelele za soko la Mgandini. Muuza nyanya anaita, mkokoteni unapiga kelele ya kupishwa, redio mbili zinashindana, mama mmoja ananisalimia na kuniuliza habari za mgonjwa akimaanisha mimi, na vyote vinaingia kwa sauti iliyo sawa, kwa sababu ubongo wangu ulikuwa haujarudisha uwezo wa kuchagua cha kusikiliza. Ubongo una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili uliopumzika, na uliojeruhiwa hufanya kwa jasho kazi ambazo zamani ulizifanya bila kuzijali. Uchovu huo hauonekani usoni. Nilirudi nyumbani na mafungu mawili ya nyanya, nikalala mpaka alasiri, na wageni waliokuja wakaambiwa kwamba nimelala, wakasema kumbe bado anaumwa.

Ni baada ya siku hiyo ndipo nilipoanza kuyapanga mambo ya siku kwa kuangalia nguvu yanazokula badala ya muda yanaochukua. Kupika na kuzungumza kwa wakati mmoja ni ghali. Kusahihisha madaftari asubuhi ni rahisi, jioni ni ghali. Daftari langu dogo, ambalo hulala chini ya mto, lina yale yasiyopaswa kusahauliwa, yaani dawa, kliniki, na kama gesi imefungwa, nayo huandikwa palepale yanapotendeka, kwa kuwa kusema nitaandika baadaye ni sawa na kutoandika. Simu huniita kwa kengele saa za dawa. Shule ilinipokea tena kwa vipindi vichache, na mkuu wa shule alikuwa na busara ya kunipa vyote kabla ya mapumziko ya saa nne. Ubaoni naandika mpango wa kipindi pembeni kabla ya kuanza, nafuta kila kipengele kinachokwisha, na wanafunzi, wasiojua chanzo chake, wameanza kuiga katika midahalo yao.

Kuna mambo niliyoamua kutoyarudia, na hapa mimi na yule kijana hatukukubaliana. Yeye alitaka nitume fedha kwa simu mwenyewe, namba ya siri na vyote. Mimi niliona kwamba jambo ambalo kosa lake moja humpelekea mtu nisiyemjua mshahara wa nusu mwezi halistahili jasho langu, na kwamba binti yangu analifanya vizuri nikiwa nimeketi pembeni yake nikiisoma namba ya mpokeaji. Kukaanga sambusa katika mafuta mengi nimewaachia wenye mikono miwili myepesi. Kupanda bodaboda nimeacha, na hilo halihusiani na ubongo. Wataalamu huzungumza juu ya uhuru wa mgonjwa kana kwamba lengo ni kila mtu ajitegemee kwa kila jambo, ilhali katika nyumba zetu hata wazima hawaishi hivyo. Mume wangu hajui kupika na hakuna aliyempeleka kwenye utengamao. Nilichotaka ni kuchagua mwenyewe kipi nifanyiwe na kipi nifanye, na uchaguzi huo hauwezekani mpaka kwanza umejua nini unaweza.

Pilau niliichagua. Idi iliyopita nilipika ya watu wa nyumba na wageni wao, nyama ikiwa imechemshwa usiku, viungo vikiwa vimepimwa katika vikombe vidogo na kupangwa juu ya sinia kwa zamu zao, vitunguu vikiwa vimekatwa na wifi kwa makubaliano kwamba kisu ni chake na mwiko ni wangu. Niliwaomba watu wasiingie jikoni wala wasiniite mpaka nimefunika sufuria na kupalia makaa juu, kwa sababu mtu akinisemesha wakati vitunguu vinabadilika rangi naweza kumjibu vizuri sana na vitunguu vikaungua. Shangazi mmoja wa mume wangu, aliyekuja kutoka Mombasa na asiyeyajua yaliyopita, alikuta mlango umefungwa akauliza tangu lini bibi harusi wa nyumba hii akajifungia na chakula. Wifi, aliyekuwa ameketi barazani, alimwambia angoje kidogo.